Ione Kazi Yako Ikiisha: Vidokezo Sita Kutoka Umoja

Mimi ni karani wa hesabu katika bohari moja kule Industrial Area. Ankara nikizimaliza leo, kesho nakuta ndugu zake mezani. Kwa miaka mingi nilikuwa nikishuka kwenye gari jioni, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, mwili umechoka na moyo haujui umechoshwa na nini. Walionifunza kuridhika na kazi ni majirani zangu. Nayaandika mafunzo yao kwa sababu najua tuko wengi tunaoshuka kwenye gari namna hiyo.

1. Ipe kazi yako mwisho

Karibu na soko la Mutindwa kuna mama ninayenunua mboga kwake. Huamka bado ni usiku, akaenda soko la Marikiti, na jua likichomoza sukuma wiki, terere na managu zimeshapangwa mezani. Jioni, matatu za Umoinner zikimwaga abiria, kisu chake hakipumziki: huyu anataka mboga iliyokatwa nyembamba kama uzi, yule ana wageni, mwingine ana shilingi ishirini tu na lazima naye ale. Siku moja nilimuuliza anajuaje kwamba siku imekuwa njema. Nilidhani atataja pesa.

"Mwanangu, naangalia meza," akanijibu. "Ikiwa tupu, nimemaliza. Napangusa, naenda kulala."

Basi nami nikatafuta meza yangu. Ankara haziishi, lakini ankara ishirini zinaisha. Siku hizi nazifunga ishirini ishirini kwa raba, na furushi la kwanza huwa tayari kabla ya chai ya saa nne. Kama wewe ni mwalimu, sahihisha madaftari ya safu moja, kisha inuka ujinyooshe. Kama unalinda lango, ugawe usiku kwa mizunguko, na kila mzunguko uufunge kwa kikombe cha chai ama kwa dua.

2. Andika ulichosogeza

Nunua daftari la shule la kurasa 96. Kila jioni andika jambo moja tu ambalo asubuhi halikuwa limefanyika na sasa limefanyika. Mwanariadha Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna mwezi Oktoba 2019, ameandika mazoezi yake daftarini kwa miaka mingi. Na huko Marekani, watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walisoma kurasa za shajara karibu 12,000 kutoka kwa wafanyakazi 238 wa kampuni saba. Katika kitabu walichotoa mwaka 2011 walieleza kwamba kinachompa mtu siku njema kazini, kuliko mengine yote, ni kuona kazi yenye maana ikisonga mbele, hata kama ni kwa hatua ndogo. Ndiyo ile meza ya mama mboga.

Ukurasa wangu wa Jumanne iliyopita una mstari mmoja: "Nimepata hitilafu ya Machi." Niliitafuta siku nne. Nikiusoma mstari huo hadi leo nafurahi.

3. Rudi nyuma hatua tatu

Fundi wa vyuma aliye barabarani kwetu akimaliza kuchomelea geti na kulipaka rangi, huvuka barabara, akasimama ng'ambo na kulitazama. Hachukui hata dakika mbili. Fanya hivyo na chochote: shati ulilopiga pasi, nywele ulizosuka, sufuria uliyoisugua ikang'aa.

4. Usingoje nyumba iishe

Umoja One, sehemu ya kwanza ya mtaa wetu, ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani. Nyumba zilikuwa ndogo makusudi, na ploti ikaachiwa nafasi ili mwenyewe aongeze vyumba kadiri atakavyopata. Wazee waliohamia wakati huo waliingia na vitanda vyao katika nyumba ambayo bado haijaisha. Walizaa humo, wakasomesha, wakafanya mikutano ya chama sebuleni, na saruji ikanunuliwa mfuko kwa mfuko.

Baadaye ujenzi ulipita kiasi. Ghorofa zimesongamana hadi dirisha la jirani ni ukuta wako, na mabomba ya maji taka yamelemewa. Hilo linaniuma na silisifu. Ninachosifu ni wale wa mwanzo, walioweza kufurahia chumba kimoja huku cha pili kikiwa bado ni kamba na vigingi. Sisi tunaahirisha. Tutafurahi tukipandishwa cheo, tukimaliza kulipia ploti ya Joska ama Kamulu, nje ya jiji. Joska ni pazuri, lakini leo unalala Umoja. Panda dania kwenye mkebe, tundika pazia unalolipenda.

5. Usichanganye kuridhika na kunyamaza

Hiki nakisema kwa uzito. Daftari halilipi kodi ya nyumba. Kama mshahara unacheleweshwa, ama unafanyishwa saa za ziada bila malipo, shida si moyo wako. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi na hata kugoma. Zidai haki hizo. Mtu anaweza kuipenda kazi yake na bado akaidai haki yake kazini. Fundi bora ninayemjua ndiye mkali zaidi kuhusu malipo.

6. Iheshimu siku ya maji

Tangu mgao wa maji wa mwaka 2017 uanze Nairobi, bwawa la Ndakaini lilipopungua, tumejifunza kuhesabu wiki kwa mabomba. Siku ya maji ikifika, ploti nzima iko macho: mitungi, ndoo, mabeseni, nguo za wiki nzima. Zamani niliona kazi hii inaniibia Jumamosi. Kisha nikasoma kwamba katika kambi ya Kaptagat Kipchoge naye alikuwa akiosha vyoo kwa zamu kama wenzake, nikaona nimekuwa nikizidharau kazi za nyumbani ambazo bingwa wa Olimpiki hakuzidharau.

Ghorofa ya tatu kwetu anaishi shosho ambaye magoti yamemchosha. Jumamosi iliyopita nilimpandishia mitungi sita. Wa sita ulipomiminwa, maji yalifika mdomoni mwa pipa yakatulia. Shosho alilifunika kwa sinia, akaketi kwenye kigoda, akanimenyea ndizi.