Namna ya kubaki Dar wiki ya Krismasi

Kila Desemba naulizwa naondoka lini, na kila Desemba najibu kuwa siendi popote. Watu hunionea huruma. Wao wanabanana Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na mabegi yao, wakielekea Moshi, Mbeya na Bukoba. Mimi naachiwa jiji. Kuanzia tarehe 23 hivi, Kimara hadi Posta unafika kabla hujamaliza kusoma meseji.

Anayetaka kubaki ajiandae mapema. Kariakoo nenda mwanzoni mwa mwezi, asubuhi, siku ya kazi. Nguo ya kushonesha ipeleke Novemba: fundi akikuambia "njoo kesho" tarehe 22, jua naye ana tiketi mfukoni. Gesi jaza. Coco Beach siku ya Krismasi waachie wenye moyo. Nenda siku nyingine, mihogo ni ileile.

Sasa mpira, maana bila mpira kubaki kunachosha. Nyumbani nina king'amuzi, lakini wiki hiyo nakizima na kwenda kibanda umiza. Waingereza wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi yao ya saa tisa alasiri kwetu huanza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kumi na moja na nusu uwe umeshakaa. Chagua benchi la katikati, karibu na feni. Mlangoni kila anayeingia atakuziba. Beba hela ndogo ndogo. Uliza kama kuna jenereta kabla hujalipa.

Desemba 27, 2025, Taifa Stars ilikutana na Uganda kwenye AFCON ya Morocco, nami nilikuwa humo ndani. Msuva alipofunga penalti, mzee nisiyemjua alinikumbatia mpaka baraghashia yake ikaanguka. Uganda wakasawazisha. Kisha dakika za mwisho nao wakapewa penalti, kibanda kizima kikanyamaza, Okello akaipaisha. Ilikuwa 1-1 tu, lakini tulitoka tukiimba barabarani. Sebuleni ningeimba na nani?

Matamasha ya mkesha wa mwaka mpya siyapendi. Kiingilio kikubwa, na msanii uliyemfuata anapanda jukwaani ukiwa umeshasinzia. Watu wa Makunduchi kule Unguja wana akili zaidi: mwaka wao wanaukaribisha Julai kwa Mwaka Kogwa, mwezi ambao hakuna anayedaiwa sare za shule.

Maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka kabla ya sikukuu, wa Januari husubiri mwisho wa mwezi, na katikati yake shule zinafunguliwa. Daftari, sare na viatu vya watoto vinunue safari ileile ya Kariakoo. Hela itakayobaki ndiyo ya kibanda umiza.