Fataki Haramu na Adhabu Zake Nchini Ujerumani
Mnunuzi azingatie kwamba fataki halali nchini Ujerumani huwa na alama ya CE na namba ya taasisi iliyozikagua. Anayeingiza nchini fataki zisizoidhinishwa aweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini.

Madhara yakitokea, adhabu huongezeka. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu humpa anayesababisha mlipuko unaohatarisha maisha ya watu kifungo kisichopungua mwaka 1 kwa kawaida. Mtu akidhurika vibaya, kifungo hakipungui miaka 2. Akifa kwa uzembe mkubwa wa mkosaji, hakipungui miaka 10, au huwa cha maisha. Kujitetea kwamba hukukusudia hakutoshi, kwani uzembe nao huadhibiwa.

Fataki isiyo na alama usiinunue, wala usiiwashe.