Kama Nishati Haiumbwi, Mungu Aliumba Nini?



Wengi wetu tunajikuta walimu bila kupangiwa. Unaenda kusaidia watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani, unafundisha tuisheni wakati wa likizo, au mdogo wako anakuletea daftari la sayansi saa unayotaka kulala. Leo naomba tuongelee somo moja tunalolipita haraka mno: aina za nishati. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wengi wanalikariri tu, na cha kukariri hakikai. Pili, ndani yake kuna swali la imani. Mtoto akiliuliza na akakosa jibu la kueleweka, ataanza kudhani kwamba darasani kuna ukweli mmoja na kanisani kuna mwingine.

1. Usianze na orodha

Joto, mwanga, sauti, umeme, mwendo, kemikali. Mtoto anaweza kuitaja orodha hiyo kama wimbo, akapata vema zote, na bado asijue anachokisema. Mimi nashauri tuanze na maswali mawili tu: *Imetoka wapi? Imekwenda wapi?*

Mwambie asugue viganja vyake kwa nguvu mpaka vipate moto. Joto hilo limetoka wapi? Kwenye mwendo wa mikono. Mwendo umetoka wapi? Kwenye misuli. Misuli imepata wapi? Kwenye ugali wa mchana. Na ugali? Unga wa mahindi. Mahindi je? Hapo atanyamaza kidogo, kisha mmoja atapaza sauti: jua! Kwa dakika tano ameshapita aina nne: mwanga wa jua, nishati ya kemikali iliyomo ndani ya chakula, mwendo, na joto. Na hajakariri kitu.

Endelea na vitu vya nyumbani. Redio ya betri: kemikali imegeuka umeme, umeme umegeuka sauti. Mpira unaodunda: kila ukidunda unapanda chini ya pale ulipofika mwanzo. Nishati imekwenda wapi? Sehemu imekuwa sauti tuliyoisikia, sehemu imekuwa joto dogo kwenye mpira, ardhi na hewa. Haijapotea, imetawanyika.

Halafu chukua manati. Vuta mpira wake, ushikilie tu. Hakuna kinachotembea, lakini kila mtoto anajua kuna jambo linasubiri. Hiyo ni nishati iliyotunzwa. Kwa mfano mkubwa, wapeleke kwa mawazo mpaka Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji. Maji yaliyozuiwa juu yana nishati iliyotunzwa kama ule mpira wa manati. Yakishuka yanazungusha mitambo 9, kila mmoja una uwezo wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Sasa uliza: nani aliyapandisha maji yale juu milimani? Jua lilifanya maji yawe mvuke, mvuke ukawa mawingu, mvua ikanyesha. Tumerudi kwenye jua! Ila usiwaambie kwamba kila nishati hutoka kwenye jua. Mvuke unaozalisha umeme kule Olkaria, Kenya, unapata joto lake ndani ya ardhi.

2. Waonyeshe kwamba nishati inapimika

Kipimo chake ni jouli, kutokana na jina la James Joule, Mwingereza aliyefanya majaribio katika miaka ya 1840. Alitumia mizigo iliyoshuka taratibu ikizungusha makasia madogo ndani ya maji, na maji yakapata joto kidogo. Alionyesha kwamba kiasi fulani cha kazi hutoa kiasi kile kile cha joto kila mara. Yaani mwendo na joto ni kama noti na sarafu: sura tofauti, fedha ile ile.

Sasa hesabu moja ambayo watoto hawaisahau. Kuinua ndoo ya maji lita 20 kutoka chini mpaka mita moja na nusu kunahitaji kama jouli 300. Kuchemsha lita moja tu ya maji, kutoka nyuzi 25 mpaka 100, kunahitaji kama jouli 315,000. Hiyo ni sawa na kuinua ile ndoo zaidi ya mara elfu moja! Hapo mtoto anaelewa kwa nini gunia la mkaa linaisha haraka, na kwa nini mama anasema "funika hiyo sufuria". Kila joto linalotoroka ni mti uliokatwa, ni hela, na ni moshi kifuani mwa anayepika. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mtoto anayejua kuuliza "imekwenda wapi?" ataelewa sababu ya lengo hilo, na wala hataliona kama tangazo la redioni tu.

3. Tenganisha maneno

Kiswahili chetu kinalibebesha neno "nguvu" mizigo mingi: nguvu za mikono, nguvu ya umeme, nguvu ya Roho Mtakatifu, nguvu za giza. Si kosa, ndivyo lugha ilivyo. Lakini mtoto anaweza kudhani vyote ni kitu kimoja. Mwambie wazi: nishati ya sayansi inapimwa kwa jouli, inahesabika, inageuka sura. Neema ya Mungu haipimwi kwa jouli, na haipungui kwa kugawiwa watu wengi.

4. Lile swali sasa

Siku moja, baada ya kueleza kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi bali hugeuka tu, binti mmoja aliinua mkono: "Frateri, eti kama haiumbwi, sasa Mungu aliumba nini?" Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akadakia: "Basi Mungu ndiye nishati!"

Usimkaripie mtoto wa namna hiyo. Anafikiri, tena anafikiri vizuri. Mimi niliomba gololi. Tukazihesabu: 20. Zikapita mikononi mwa watoto wote, tukahesabu tena: 20. Nikauliza, "Je, hesabu hii inatuambia nani alitengeneza gololi?" Wakajibu kwa pamoja, "Hapana!" Sheria ya nishati ni hesabu ya namna hiyo. Inasema katika mageuzi yote ya vitu jumla haiongezeki wala haipungui. Haijibu kwa nini kuna vitu vya kugeuka badala ya kutokuwepo chochote.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliona hili karne ya 13, kabla sheria hiyo haijajulikana. Alifundisha kwamba kuumba si aina ya mageuzi, maana mageuzi yanahitaji kitu ambacho tayari kipo. Kuumba ni kuvipa vitu kuwepo, na kuendelea kuvipa. Alitumia mfano wa hewa na jua: hewa ina mwanga mradi jua linaiangaza, jua likiondoka, mwanga hauna pa kushika. Ndivyo viumbe vyote vinavyomtegemea Mungu, kila nukta.

Na je, Mungu ni nishati? Hapana. Nishati hugeuka, hugawanyika, hupimika. Haijui wala haipendi. Huwezi kuiambia "Baba yetu". Mtandaoni utakutana na video zinazosema kila kitu ni nishati, kwa hiyo hata Mungu ni nishati. Sisi tuliosoma falsafa tunajua mkanganyiko unaweza kuanzia kwenye neno lenyewe. Neno la Kizungu kwa nishati linatokana na *energeia* la Aristotle, maana yake kuwa kazini, kuwa katika tendo. Thomas Young ndiye aliyelitumia kwa maana ya fizikia, mwaka 1807. Thomas wa Akwino anaposema Mungu ni tendo tupu, anamaanisha kwamba ndani ya Mungu hakuna kinachosubiri kukamilika kama manati iliyovutwa. Asili ya maneno ni moja, maana ni mbili.

Mtoto akiuliza zaidi ya unachokijua, mwambie, "Tutafute pamoja." Kisha tafuta kweli.

Kazi ya wiki hii

- Chagua mtoto mmoja nyumbani au jirani. Fuateni chakula cha jioni kwa yale maswali mawili mpaka mfike kwenye jua.
- Chemsheni maji ya kiasi kile kile kwa sufuria iliyofunikwa na isiyofunikwa, mhesabu dakika. Mtu mzima awepo karibu na moto.
- Kabla ya kulala, mshukuruni Mungu kwa kitu kimoja mlichokifuatilia siku hiyo, kwa kukitaja jina.

Tuombeane.