Kumsomesha Mwalimu wa Muziki Shahada ya Uzamili: Tupange Kabla ya Kuchangisha



Katika toleo hili tunapenda kujifunza pamoja juu ya ombi ambalo kamati zetu za Mtwara zimelipokea zaidi ya mara moja: kumpeleka mwalimu wa kwaya kusoma shahada ya uzamili ya muziki. Wapo wanaouliza, je, hilo nalo ni maendeleo, wakati vijiji vya pwani kuelekea Msimbati na mdomo wa Ruvuma bado vina mahitaji mengi? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu mwishoni mwa somo.

Kosa letu wenyewe

Tuanze kwa kukiri. Kamati yetu iliwahi kumchangia kijana hodari, aliyefundisha kwaya kwa miaka mingi na kupiga kinanda vizuri. Jumapili tatu tulipitisha vikapu, na wafadhili wakaongezea. Fedha ilipotosha, tukatuma maombi chuoni. Jibu likaja: kijana ana stashahada, na uzamili unahitaji shahada ya kwanza. Fedha ikakaa benki na wachangiaji wakaanza kunong'ona. Aliyeumia zaidi ni kijana mwenyewe, kwa sababu aliona aibu kuja kanisani. Hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu, tuliochangisha kabla ya kuuliza.

Somo la 1: Tazameni mlango wa kuingilia

Hapa Tanzania, vyuo vikuu hufuata miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Kwa kawaida mwombaji wa uzamili huhitaji shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kwa kipimo cha 5. Kwa muziki, vyuo vingi hutaka shahada hiyo iwe ya muziki au ya fani iliyo karibu nao. Kipaji peke yake hakifungui mlango huu.

TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na chuo cha muziki cha DCMA cha Zanzibar, kilichoanza mwaka 2002, ni mahali pazuri pa kupata msingi wa cheti na stashahada. Shahada ya kwanza ya muziki hufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha. Kwa uzamili, majirani zetu Chuo Kikuu cha Kenyatta cha Nairobi na Makerere cha Kampala wana historia ndefu ya kufundisha muziki. Kabla ya kuamua, pateni orodha ya mwaka husika ya programu zilizoidhinishwa, kwa maana programu hufunguliwa na kufungwa. Kama chuo kiko nje ya nchi, ulizeni TCU mapema kama shahada yake itatambuliwa hapa.

Basi fanyeni hesabu. Mwenye stashahada atahitaji miaka kama 3 ya shahada ya kwanza, kisha mwaka mmoja na nusu hadi miwili ya uzamili. Hiyo ni safari ya miaka 5 hivi. Mwenye shahada tayari anahitaji mwaka mzima wa maandalizi kabla ya kuondoka.

Somo la 2: Uzamili wa muziki una njia nyingi

Mwulizeni mwombaji: unataka kusomea nini hasa?

(a) *Upigaji na uimbaji.* Hapa chuo hutaka kumsikia kwa usaili au kwa kurekodi. Huhitaji vipande vya mitindo na nyakati tofauti, na aweze kusoma nota. Walimu wetu wengi wamelelewa kwa solfa. Hiyo ni mali, lakini haitoshi. Mitihani ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1889, ina madaraja 1 hadi 8. Anayetaka kufanya daraja la 6 na kuendelea katika kupiga ala kwa kawaida hutakiwa kwanza afaulu nadharia daraja la 5, au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake. Tangu mwaka 2020 kuna mitihani ya kupiga ala inayofanyika kwa kutuma video, hivyo mtu wa Mtwara halazimiki kusafiri ili kupimwa.

(b) *Utunzi.* Mwombaji hupeleka nyimbo alizotunga, zikiwa zimeandikwa kwa nota.

(c) *Elimu ya muziki.* Hii inamfaa anayefundisha shuleni au chuo cha ualimu.

(d) *Utafiti wa muziki wa jamii*, ambao wataalamu huuita ethnomuzikolojia. Hapa chuo hutaka pendekezo la utafiti lililoandikwa vizuri.

Somo la 3: Pwani yetu ina hazina

Katika njia hii ya nne, mtoto wa Mtwara haendi mikono mitupu. Tuna mapiko na sindimba za Wamakonde, nyimbo za jando na unyago, nyimbo za wavuvi, na kwaya zenyewe. Historia yetu pia ina mambo ya kuchunguzwa. Askofu Vincent Lucas wa Dayosisi ya Anglikana ya Masasi, aliyeiongoza tangu 1926 hadi 1944, alijaribu kuipa jando sura ya Kikristo. Padre Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka 2003 Gregory Barz, Mmarekani, alichapisha kitabu kizima juu ya kwaya za Tanzania. Kama mgeni aliona kwaya zetu zinastahili kitabu, sisi tunangoja nini?

Ila tuwe waangalifu. Nyimbo za unyago zina wenyewe. Mtafiti hana budi kupata ridhaa ya manyakanga na wazee, na yaliyo ya siri yabaki siri. Vilevile atahitaji vibali vya serikali kuanzia mkoa hadi kijiji.

Somo la 4: Gharama ambazo kamati husahau

Ada na nauli hukumbukwa na kila mtu. Yanayosahauliwa ni haya: bima ya afya, matunzo ya mke au mume na watoto waliobaki nyumbani, ala na ukarabati wake, gharama za kurekodi vijijini, shukrani kwa wazee, na kuchapa tasnifu. Ongezeni posho ya atakayeishika kwaya kwa miaka miwili. Kama mwombaji ni mwalimu wa serikali, apate kwanza ruhusa ya masomo ya maandishi kutoka kwa mwajiri.

Kabla ya kuwaendea wafadhili, jaribuni ufadhili wa masomo. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka 2, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka 2. DAAD ya Ujerumani kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Kwa hiyo anayekaa miaka kumi baada ya kuhitimu huweza kukuta mlango mmoja umekwisha fungwa.

Somo la 5: Anzeni na siku ya kurudi

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Fedha ya kisima isiguswe. Mfuko wa masomo uwe na akaunti yake na taarifa yake. Kisha kamati ijiulize: siku atakaporudi, atafanya kazi gani, wapi, na nani atamlipa? Tukiweza kujibu kwamba atafundisha walimu wa kwaya wa parokia zote, atawafundisha vijana kusoma nota, na atahifadhi nyimbo za wazee wetu kabla hawajaondoka nazo, basi hayo ni maendeleo. Tukishindwa kujibu, tusubiri. Jibu hilo liandikwe katika mkataba, usomwe mbele ya mwombaji na familia yake, na pande zote zitie sahihi.

Na yule kijana wetu? Tulikaa naye na wachangiaji. Waliotaka fedha yao walirudishiwa; wengi walikubali itumike kwa shahada yake ya kwanza. Leo tunaandika somo hili kwa sababu yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na safari hii anayepaswa kuinama kwanza ni kamati.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mwombaji wetu ana vyeti gani? Je, tumeviona kwa macho yetu?
2. Anataka njia ipi kati ya zile nne, na kwa nini?
3. Nani ataiongoza kwaya akiwa masomoni?
4. Atakaporudi, kazi yake imeandikwa wapi?
5. Wachangiaji watapata taarifa mara ngapi kwa mwaka, na kutoka kwa nani?