Mbwa asiye na bwana ni hatari ya kambi nzima

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo hatutasema juu ya kofia ya kazi wala viatu vya usalama. Tutasema juu ya kitu unachokutana nacho saa kumi ya alfajiri, unapokwenda kungojea bisi ya kazi: kundi la mbwa wanaolala barabarani, hawana jina, hawana kamba shingoni, na hakuna anayejua wanatoka lupangu gani.

Umepita hapo mara mia bila shida. Siku moja mmoja anakuuma mguu. Unauliza: huyu mbwa ni wa nani? Watu wanajibu: si wa mtu. Jibu hilo si la kweli. Mbwa hawaoti kama majani ya mvua. Kila mbwa unayemwona nyuma ya soko alizaliwa na mbwa jike wa mtu, ao mama ya mama yake alikuwa wa mtu. Kuna mtu aliyemwacha.

Namna anavyotokea

Tuchukue mfano. Baba mmoja anapata mbwa jike, kwa sababu wezi wanaingia usiku. Mbwa anafika miezi sita, saba, anaanza kutafuta dume. Hakuna anayemfungia ndani. Kiisha siku 63 hivi wanazaliwa watoto watano. Madume wawili wanapata watu upesi, kwani kila nyumba inataka dume la kulinda. Majike watatu hakuna anayewataka. Baba anaona vibaya kuwaua. Basi anamwita mtoto wake mkubwa, anamtilia watoto wa mbwa ndani ya katoni, anamwambia: nenda uwaache karibu na soko, huko watapata masalio ya kula. Anafikiri amefanya huruma.

Wawili wanakufa kwa njaa na minyoo, ao chini ya matairi ya kamyo. Wa tatu anapona. Huyo ni jike, na kabla ya mwaka kwisha anazaa watoto wake mwenyewe ndani ya shimo la takataka. Hao hawajaguswa na mkono wa mtu tangu kuzaliwa, wala hawatashikwa kirahisi na mwenye kuchanja.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mbwa jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tuseme watoto watano kila mara: ni kumi kwa mwaka, hamsini kwa miaka mitano, bila kuhesabu wajukuu. Kama avenyu yenu ina majike sita wanaotembea ovyo, ni watoto sitini kila mwaka. Je, katika avenyu yenu nyumba ngapi zinatafuta mbwa mpya kila mwaka? Tatu? Nne? Wengine wote wataenda wapi?

Wenye kuzalisha kwa kuuza

Kuuza mbwa si kosa. Mwenye kulinda nyumba yake ana haki ya kutafuta mbwa mzuri. Lakini kuna watu wanaomzalisha jike kila anapotafuta dume, bila kumpumzisha, mpaka mbavu zinaonekana. Wanawauza watoto wakiwa na wiki nne tu, kabla hawajaanza kula sana. Wanamwambia mnunuzi: baba yake ni mbwa wa polisi. Hakuna karatasi ya chanjo, hakuna dawa ya minyoo, na baba huyo wa polisi hakuna aliyemwona.

Mtoto wa mbwa anatakiwa kukaa na mama yake na ndugu zake mpaka wiki nane hivi. Kucheza kwao kule, kuumana na kulia, ndiko kunakomfundisha kupima nguvu ya meno yake. Anayeondolewa mapema mara nyingi anakua mwoga, na mbwa mwoga anauma. Kiisha, mbwa wa aina kubwa anakula bukari kama mtu mzima. Jamaa iliyomnunua akiwa mdogo kama paka inaanza kuona mzigo wakati wa miezi sita. Siku moja kamba inakatika, na hakuna anayekwenda kumtafuta. Huyo naye tayari yuko barabarani, na ni mkubwa, na ana meno.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa franga zako, omba kumwona mama ya mtoto. Kama mwuzaji anakataa kukuonyesha mama, rudi nyumbani.

Ugonjwa wenyewe

Tunasema haya yote kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho waganga wanaita raje. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59.000 hivi kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa meno ya mbwa. Ukianza kuonyesha alama zake kwa mtu, dawa ya kumponya hakuna. Lakini kati ya kuumwa na kuanza kwa alama, kwa kawaida kunapita miezi miwili ao mitatu. Mara nyingine wiki moja, mara nyingine hata mwaka. Kidonda kinafunga, mtu anasahau. Ni katika muda huo chanjo inamwokoa, kama imeanza mapema.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mbwa mwenye bwana na mbwa asiye na bwana wanapoachana.

Ukiumwa na mbwa wa jirani, mbwa huyo anaweza kufungwa na kutazamwa siku 10. Mbwa mwenye kichaa, wakati mate yake yanapoambukiza, hawezi kuishi muda huo bila kuonyesha ugonjwa ao kufa. Siku 10 zikipita naye yuko mzima, anakula, anacheza, basi siku ile alipokuuma hakuwa na ugonjwa mateni, na munganga anaweza kusimamisha shindano zilizobaki. Lakini mbwa wa soko aliyekuuma na kukimbia, utamfunga wapi? Hakuna wa kumtazama. Munganga analazimika kufikiri kwamba alikuwa mgonjwa, na utamaliza shindano zote. Mara nyingi chanjo haipatikani kila pahali, na inakula pesa za nyumba. Yule baba wa katoni hakulipa kitu. Anayelipa ni jamaa ya mtoto aliyeumwa.

Ndiyo sababu pia hatutaki mtu amuue mbwa na kumtupa mtoni mara tu ameuma. Kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe, na munganga wa wanyama aitwe. Kama ameuawa, usimguse kwa mikono mitupu, na toa habari: kichwa chake kinaweza kupimwa.

Kuwaua wote?

Wengine watasema: polisi wapite usiku, wawapige risasi wote, mambo yaishe. Dawa hiyo imejaribiwa. Kisiwa cha Flores, kule Indonesia, kiliingiwa na kichaa mwaka 1997 kwa mbwa walioletwa na watu kwa boti. Mwaka uliofuata serikali iliua mbwa kwa maelfu. Ugonjwa haukutoka. Watu wenye kupenda mbwa wao waliwaficha ao kuwahamisha, na pahali pa waliouawa palijazwa na wadogo ambao hawajachanjwa.

Kisiwa cha Pemba, Tanzania, kilifuata njia nyingine. Walichanja mbwa kwa wingi kuanzia 2010, na kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kilirudi kutoka ngambo, wakachanja tena, kikaisha tena. OMS inafundisha kwamba mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Lakini angalieni ule mfano wetu wa avenyu. Leo mna mbwa 100, wamechanjwa 70. Ndani ya mwaka wanakufa wengi, tena hao waliochanjwa wamo, na wanazaliwa watoto 60 ambao hakuna aliyewashika. Kiwango kinashuka kabla ya waganga kurudi. Mtu anayeacha mbwa wake wazae ovyo anabomoa kazi ya chanjo, hata kama yeye mwenyewe alimleta mbwa wake kuchanjwa na ana karatasi mkononi.

Nyumbani kwako

Mbwa jike anapotafuta dume, ni kwa wiki tatu hivi. Utamjua: anavimba nyuma, anatoka damu kidogo, madume wanajaa mlangoni. Mfungie ndani ya nyumba ao ndani ya kibanda chenye mlango, kwa wiki zote tatu. Kamba peke yake haitoshi, maana dume anamfuata hapohapo alipofungwa. Wala usidanganyike damu inapokoma. Mara nyingi ni siku hizo anazokubali dume.

Njia iliyo bora ni kumfunga uzazi kabisa, jike ao dume, kwa mkono wa munganga wa wanyama. Mbwa aliyehasiwa haachi kulinda nyumba. Anabweka kama zamani, na dume hatembei mbali tena kutafuta jike. (Wengine wanacheka wanaposikia habari ya munganga wa mbwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kizima cha kufundisha uganga wa wanyama, na wanafunzi wake hawachekeshi mtu.) Tunajua kazi hiyo ni ya bei. Kama mifuko ni mitupu, majirani wawili watatu wapatane kumwita munganga siku moja, kwani safari yake ni moja.

Kama watoto wamekwisha kuzaliwa, tafuta watu wa kuwachukua tangu wiki ya kwanza, usingojee wakue. Na ukikosa kabisa, mwambie munganga wa wanyama ukweli. Anaweza kuwaondoa bila maumivu. Ni neno gumu, lakini katoni ya sokoni ni gumu kuliko hilo.

Watu wa migodi tunahama sana. Leo Kolwezi, mwaka ujao Likasi, kesho pensheni na kurudi mjini kwa wazee. Vitanda vinapakiwa, kuku wanapakiwa, mbwa anaachwa mlangoni. Hajui kwamba nyumba imepewa mtu mwingine. Atalala pale siku nyingi, na mpangaji mpya atamfukuza kwa mawe, mpaka siku atakaporudisha jiwe kwa meno. Ukipata barua ya kuhama, kati ya mambo ya kwanza amua mbwa ataenda na nani. Umpe mtu unayemjua, pamoja na karatasi yake ya chanjo.

Na kazini: usitupe bukari na mifupa karibu na karakana ao pahali pa kupumzikia. Mbwa anayezoea kula hapo atatafuta kivuli chini ya kamyo, na dereva wa gari kubwa haoni kitu kilicho karibu na gurudumu lake. Wala haoni mfanyakazi aliyeinama kumfukuza mbwa.

Ukiumwa

Usikimbie mbele ya kundi. Simama, mikono chini, usimkazie macho, rudi nyuma polepole. Ukikwisha kuumwa ao kukwaruzwa, hata kama damu ni kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, tazama saa. Sabuni ya kufulia inafaa. Usitie pilipili, mafuta, majani ao jivu. Jiwe jeusi, ambalo wengi wanaliweka nyumbani kwa ajili ya nyoka, halizuii kichaa cha mbwa hata kidogo. Kiisha nenda hospitali siku ileile. Kama jeraha limetoboa ngozi, munganga anaweza kuongeza serumu kando ya kidonda. Shindano ni kadhaa, kwa siku zilizoandikwa. Usiache ya mwisho kwa kuwa umesikia nafuu.

Ukiona mbwa wako mwenyewe amebadilika, ananyamaza gizani ao anauma mti na mawe, sauti imegeuka, mate yanachuruzika, taya limeanguka, usifungue kinywa chake. Wengi wanafikiri mfupa umemkwama kooni na wanatia mkono. Mfungie, ita munganga.

Na watoto. Kati ya watu wanaoumwa na mbwa wa kushukiwa, OMS inasema 40 kwa 100 ni watoto wasiofika miaka 15. Mtoto ni mfupi, meno yanamfika usoni na mikononi, na kidonda cha karibu na kichwa kinaharakisha ugonjwa. Baya zaidi ni kwamba mtoto anaficha. Alikuwa akitupia mbwa mawe, ao alipita kwenye shimo la takataka ulikomkataza, sasa anaogopa fimbo. Anafunika jeraha kwa suruali. Mama, baba, mwambieni leo, mbele ya ndugu zake wote, kwamba juu ya mbwa hakuna fimbo: aseme tu. Na jioni, unapomwosha, tazama miguu na mikono yake. Alama ndogo kama ya msumari inatosha. Sabuni, maji, dakika 15, na hospitali usiku uleule.