Kuanguka Kabla ya Kusafiri: Somo kwa Kamati Zinazolea Vijana Wanamichezo



Kamati ya parokia iliyoko pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, iwe Mbagala au Chamazi upande wa Temeke, Bunju au Tegeta upande wa Kinondoni, inapoletewa barua ya kuomba mchango kwa ajili ya kijana anayekwenda kushindana nje ya nchi, swali la kwanza huwa ni hili: "Ataleta medali?" Katika somo hili tunapendekeza swali jingine litangulie: je, akishindwa, nani atampokea? Tumechagua mchezo wa judo kwa sababu mchezo huu wenyewe huanza na jambo hilo.

Judo ni mchezo gani?

Judo ilianzishwa mwaka 1882 jijini Tokyo na mwalimu wa Kijapani, Jigoro Kano. Iliingia katika Olimpiki mwaka 1964, na wanawake wakaanza kugombea medali mwaka 1992 huko Barcelona. Kano aliweka misingi miwili: kutumia nguvu kwa njia iliyo bora, na kustawi pamoja na mwenzako. Hakuna ngumi wala teke. Mchezaji hushinda moja kwa moja kwa kumwangusha mwenzake chali kwa nguvu na kasi, au kwa kumbana chini kwa sekunde 20. Kabla na baada ya pambano wote wawili huinamiana kwa heshima.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwanafunzi mpya haanzi kwa kujifunza kuangusha. Huanza kwa kujifunza kuanguka. Hukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, hupiga mkeka kwa mkono ulionyooka ili kishindo kitawanyike, kisha huinuka. Zoezi hili hurudiwa mara nyingi mno, na hata bingwa haliachi.

Hapa nchini mchezo huu si mgeni. Zanzibar umefundishwa tangu miaka ya 1990 na Mjapani aliyehamia huko, Tsuyoshi Shimaoka. Mtanzania Andrew Thomas Mlugu alishiriki Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, na akarudi tena katika ile ya Paris mwaka 2024. Ni miaka minane kati ya safari ya kwanza na ya pili. Mwanamichezo halelewi kwa safari moja.

Mashindano ya vijana yanavyoendeshwa

Mashindano ya dunia ya judo kwa vijana yalianza mwaka 1974, na siku hizi huwahusu walio chini ya miaka 21. Ipo pia ngazi ya chini yake, ya walio chini ya miaka 18. Vijana hupangwa kwa jinsia na uzito, na pambano huchukua dakika 4.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kundi moja la uzito lina vijana 32. Baada ya raundi ya kwanza, 16 wameshashindwa. Kwa utaratibu wa kimataifa, nafasi ya pili hupewa walioshindwa katika robo fainali tu, hivyo 16 hao wamemaliza mashindano. Medali ni nne: dhahabu moja, fedha moja na shaba mbili. Vijana 28 watarudi kwao bila medali, na nusu ya wote watakuwa wamesafiri kwa ajili ya pambano moja tu.

Hatusemi hivi ili kuwakatisha tamaa. Tunasema kwa sababu bajeti nyingi huandikwa kana kwamba kijana wetu ni mmoja wa wale wanne. Huwekwa nauli, sare na sherehe ya kumpokea mshindi. Kwa yule wa 28 hakuwekwi chochote.

Fundisho la wawili kutoka Bukavu

Popole Misenga na Yolande Mabika walizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na vita viliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto. Misenga alikuwa na umri wa miaka tisa alipokimbia mapigano na kukaa msituni kwa siku nane kabla ya kuokolewa. Wote wawili walijifunza judo Kinshasa walipopelekwa huko kama watoto waliopoteza makazi. Mchezo uliwapa nidhamu na heshima, lakini walieleza baadaye kwamba aliyeshindwa aliadhibiwa kwa kufungiwa na kunyimwa chakula.

Mwaka 2013, wakiwa watu wazima, walipelekwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia. Walisimulia kwamba waliachwa huko bila fedha wala hati za kusafiria. Wakaamua kutorudi, wakaomba hifadhi. Mwaka 2016, katika jiji lilelile, walishiriki Olimpiki wakiwa katika timu ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza kabla ya kutolewa na bingwa wa dunia. Uwanja mzima ulimshangilia aliyeshindwa.

Mchezo ni uleule. Kilichotofautiana ni watu waliowazunguka.

Mambo ya kuandaa

Kwanza, vyeti. Vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa kutoka RITA ndiyo hatua ya kwanza kuelekea pasipoti. Kisifuatiliwe wiki ya safari. Kamwe umri usipunguzwe ili kijana apate nafasi.

Pili, ulinzi. Mzazi aridhie kwa maandishi. Ajulikane mtu mzima anayeongozana na watoto, na msafara wenye wasichana uwe na mwanamke. Kijana ajue namba ya simu ya nyumbani kwa kichwa, na ajue hati zake zimewekwa wapi.

Tatu, afya. Kijana asijinyime chakula na maji ili aingie katika uzito mdogo. Aende na uzito wake.

Nne, mikeka. Nauli ya mmoja ilinganishwe na gharama ya mikeka itakayotumiwa na watoto wote wa mtaa. Sakafu ya saruji haifundishi kuanguka, inavunja mikono.

Tano, kurudi. Iwepo siku ya kumpokea kijana, iliyopangwa kabla hajaondoka, wala isitegemee matokeo. Apewe nafasi ya kuwafundisha wadogo alichokiona.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi tunaongeza: mtoto mfundishe kuanguka angali mdogo, na umwekee mkeka.

Maswali ya kujadili

1. Katika bajeti yetu ya vijana, ni kiasi gani kimetengwa kwa asiyeshinda?
2. Ni watoto wangapi katika kikundi chetu hawana vyeti vya kuzaliwa, na nani atawasaidia wazazi wao kuvifuatilia?
3. Kama fedha zinatosha nauli moja au mikeka tu, tutachagua nini, na tutamweleza nini kijana aliyekosa safari?

Tunawaomba mjadili maswali haya katika kikao chenu kijacho, vijana wenyewe wakiwepo.