SOMO: RUZUKU NI MALI YA KIKUNDI

Maji ya Mto Ruvu yanatoka milima yetu ya Uluguru, yakanywewa mpaka Dar es Salaam. Tukifyeka msitu, mto nao unapungua.

Mwaka 2001 uliandikishwa mfuko wa kuhifadhi milima ya Tao la Mashariki, na Uluguru imo. Kwa kifupi unaitwa EAMCEF. Makao yake ni Morogoro. Fedha ya mfuko ni kama ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hachinjwi, yanayogawiwa ni maziwa. Fedha ya msingi inawekezwa, na faida yake husaidia vikundi vya vijijini kufuga nyuki, kuchimba mabwawa ya samaki na kupanda miti.

Msaada huo ni ruzuku. Ruzuku hairudishwi kama mkopo, lakini ina masharti. Tumeomba ya mizinga? Basi tununue mizinga. Kila shilingi iandikwe daftarini. Stakabadhi zitunzwe. Daftari lisomwe mbele ya wanakikundi wote. Zamani msomaji alikuwa katibu peke yake. Leo tunasoma wengi. Basi tusione haya kuuliza!

Maswali:
1. Ruzuku na mkopo vina tofauti gani?
2. Mwezi huu, nani kasoma daftari la kikundi chetu?